Gari Lililokwisha Kuwa na Mwenyewe

Mpwa wangu alikuja nyumbani Jumapili moja akiwa na simu mkononi na furaha usoni. "Shikamoo mjomba," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikwisha kuniwekea simu chini ya miwani. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya gari dogo la buluu, la Kijapani, limesimama mbele ya kibanda cha kuoshea magari huko Kizota.

"Linatumia umeme mtupu, mjomba. Halina hata tangi la mafuta. Mwenyewe anahama Dodoma, analiuza bei ya kutupa."

Nilimwuliza swali moja tu: betri yake imebaki na nguvu kiasi gani?

Alicheka. Hakulitegemea swali hilo kwa mwalimu mstaafu ambaye hata simu yake huchajiwa na wajukuu. Lakini swali hilo nimelibeba miaka mingi, ingawa lilipoanza halikuwa la betri. Lilikuwa la maji kwenye rejeta. Nitafika huko. Kwanza msomaji aniruhusu nirudi nyuma, maana biashara ya mashine zilizokwisha kutumiwa katika nyanda hizi za kati ni ya zamani kuliko wanavyodhani vijana, na sehemu kubwa yake ni habari ya mambo anayoyajua muuzaji na asiyoyajua mnunuzi.

Marehemu baba yangu alikuwa kijana wa Kongwa mwaka 1947, Waingereza walipoleta mpango wao wa karanga. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na wakubwa wa London walikuwa wamepiga hesabu ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu za karanga, nyingi zikiwa Tanganyika. Kwa hesabu hiyo yalihitajika matrekta mazito mengi ya kung'oa vichaka na mibuyu, na matrekta mapya hayakuwepo. Viwanda vilikuwa vimetoka kutengeneza silaha tu. Ndipo wakanunua yaliyobaki vitani. Mengi yalitoka Ufilipino, katika malundo ya vifaa ambavyo jeshi la Marekani halikuwa na haja navyo tena, vikiwa vimekaa nje na kunyeshewa. Kampuni ya Vickers nayo ilichukua vifaru vya vita aina ya Sherman, ikaviondolea mizinga na kuvigeuza kuwa matrekta. Viliitwa Shervick.

Baba aliajiriwa kupaka grisi. Alisimulia kwamba baadhi ya mashine zilishuka na rangi mpya kabisa, na vijana wote walisimama kuzishangaa. Ilipofunguliwa injini ya kwanza, fundi wa Kizungu alivua kofia, akaketi juu ya boksi la spea na kukaa kimya muda mrefu. Kabla mwaka ule haujakwisha, matrekta mengi kuliko yaliyokuwa yakifanya kazi yalikuwa yamelala chini. Mengine yalikufa kwa uchakavu waliokuja nao. Mengine yaliuawa na ardhi yetu wenyewe, maana udongo mwekundu wa Kongwa ukikauka baada ya masika huwa kama matofali, na chembe zake za mchanga hula chuma kama tupa. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na pauni za Kiingereza milioni 36 hivi zilikuwa zimeliwa na vichaka vya Ugogo na vya kwingineko.

Watu wakiandika habari za karanga hupenda kusema juu ya mvua iliyokosekana na kiburi cha wakoloni. Yote ni kweli. Mimi hulitazama jambo lile kwa jicho la mtoto wa mpaka grisi, nikaona pia ununuzi mbaya wa mashine mkweche: mnunuzi mwenye haraka, muuzaji asiye na sababu ya kusema mengi, na chombo kilicho mbali, kisichoweza kuwashwa na kusikilizwa kabla ya kulipiwa. Baba alikuwa na msemo wake: "Rangi ni ya muuzaji, chuma ni cha mnunuzi."

Baada ya Uhuru, mtu wa Dodoma aliyetaka gari alikuwa na njia chache. Iliyojulikana zaidi ilikuwa mnada wa magari chakavu ya serikali. Land Rover zenye namba za ST zikichoka kabisa, zilipangwa uwanjani na watu wakaitwa. Nilianza kwenda kwenye minada hiyo nikiwa kijana, si kununua, bali kusikiliza. Palikuwa na wazee waliojua kusoma Land Rover kama shehe anavyosoma msahafu. Bodi hawakuitazama, kwa sababu bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na haishiki kutu. Walilala chini kifudifudi na kugonga chesisi kwa nyundo ndogo, maana chesisi ni ya chuma cha kawaida, na hapo ndipo kutu hujificha. Gari lililofanya kazi Tanga au Bagamoyo, kwenye hewa ya bahari, lilitoa sauti ya debe bovu. Lililoishi Mpwapwa au Manyoni lililia kama kengele. Ukame wetu, ambao umetutesa kwa njaa mara nyingi, ulikuwa walau na fadhila hiyo moja.

Lakini wazee hao hawakuishia kwenye kengele. Gari la nyanda za kati huwa na chesisi nzima na mapafu mabovu. Vumbi. Walifungua kichujio cha hewa, wakachovya kidole kwenye oili iliyokuwa chini yake, wakakisugua kidole hicho na gumba. Oili ikikwaruza, waliondoka bila kuuliza bei. Walijua kwamba ringi na pistoni zimekwisha kusagwa, hata kama injini inaunguruma vizuri, kwani injini ya mnadani huwekewa oili nzito ili inyamaze. Palisemwa pia habari za watu waliotia ndizi mbivu kwenye difu ili isilie. Sikupata kuiona ndizi hiyo kwa macho yangu, lakini sikupata kumwona mnunuzi mzoefu aliyeicheka.

Nadhani ujuzi huu haukutoka kwenye magari. Ulitoka Msalato. Anayekwenda mnada wa ng'ombe pale siku ya Jumamosi ataona mambo yale yale: mtu anamfungua ng'ombe kinywa kuhesabu meno, anamvuta ngozi ya shingo, anamtembeza hatua ishirini apate kuona kama anachechemea. Mwenye ng'ombe huyo amemnywesha maji mengi alfajiri ili tumbo lijae. Wote wawili wanajua. Hakuna anayemwita mwenzake mwongo. Mgogo hununua ng'ombe kwa macho na mikono, na maneno ya muuzaji huyachukua kama mapambo ya shughuli.

Miaka ya sabini mwishoni na themanini mwanzoni, ujuzi huo karibu ukose kazi. Fedha za kigeni zilikauka, mafuta yalipanda bei mara mbili katika muongo mmoja, na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vikala kilichobaki. Gari jipya lilitaka kibali, na kibali kilitaka mtu. Kuna kipindi magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa petroli. Dodoma ilikwisha kutangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini ukisimama barabara ya Kuu saa tisa mchana ungeweza kuhesabu magari yote kwa vidole na ukabakiwa na vidole. Aliyekuwa na gari zima alikuwa na mali inayopanda bei kila mwaka, badala ya kushuka kama ilivyo kawaida ya chuma. Hakuna aliyeuza. Na asiyeuza hana haja ya kudanganya. Nafikiri ndiyo maana wengine huikumbuka miaka ile kama miaka ya uaminifu.

Kisha ikaja bajeti ya 1984, iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana fedha zimetoka wapi. Mwaka uliofuata aliingia Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya tisini magari ya mtumba kutoka Japani yalikuwa yameanza kupanda mlima kutoka Dar es Salaam kuja kwetu. Wengi walidhani Wajapani wanatupa magari kwa sababu ya utajiri. Sababu ni ya kawaida zaidi. Kule gari jipya hukaguliwa na serikali likifikisha miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na kodi na matengenezo yake ni ghali kiasi kwamba mtu huona heri auze. Nao, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani ukiwa kulia. Basi gari lililochosha mfuko wa mtu wa Osaka likawa utajiri wa mtu wa Chang'ombe.

Wazee wa nyundo walipotezwa kabisa na magari haya. Chesisi ya kugonga hakuna. Bodi na chesisi ni kitu kimoja. Kichujio ni cha karatasi, kipya. Karatasi za ukaguzi zimeandikwa kwa herufi za Kijapani. Na mita ya kilometa, ambayo kwenye Land Rover ya serikali ilikuwa imekufa zamani na haikumdanganya mtu, sasa ilikuwa hai na ilisema kilometa elfu arobaini. Nani angebisha?

Gari kama hilo nilinunua mwaka 1992, na mwaka 1997 nikaliuza. Hapa ndipo penye jambo langu.

Lilikuwa limechemka mara moja kwenye milima ya Gairo nikirudi kutoka Morogoro, nami kwa ubishi nikaliendesha hadi mjini badala ya kusimama. Silinda hedi ilipinda. Fundi aliniambia wazi: ama nilipe gharama ya kuifungua na kuichonga, au nizoee kutembea na dumu la maji. Nilizoea dumu. Mjini, safari fupi fupi, halikuwa na taabu. Nje ya mji lilitaka maji kila baada ya kilometa arobaini hivi. Mwezi wa Agosti nikamwambia mwalimu mwenzangu, mtu wa Kondoa, kwamba naliuza.

Alikuja alfajiri, mimi ndiye niliyeipanga saa hiyo. Injini ilikuwa ya baridi na rejeta imejaa. Aliwasha, akasikiliza, akazunguka nalo Makole na kurudi. Kisha akaniuliza, kwa heshima, maana nilimzidi umri: "Mwalimu, gari halina tatizo lolote?"

Nikamjibu: "Mimi naliendesha kila siku."

Lilikuwa neno la kweli. Nililichagua kwa sababu lilikuwa la kweli. Nimewafundisha watoto wa watu Kiswahili kwa miaka 31, na sijapata kutunga sentensi nyingine kwa uangalifu kama ule.

Wiki tatu baadaye alipata msiba Kondoa, akapakia mke, mama mkwe na watoto wawili. Barabara ya Kondoa siku hizo ilikuwa ya vumbi na makorongo. Injini ilikwama mbele ya Haneti, wakalala porini, na mazishi yakafanyika bila wao. Ili kulitengeneza gari, aliuza kiwanja chake cha Nkuhungu. Wakati huo kiwanja kule kilikuwa na bei ya mabati machache. Baada ya Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote inahamia Dodoma na watu wakaanza kufuata, bei za viwanja zilipanda vibaya, na leo mahali pale pana nyumba ya ghorofa. Nikipita huko huangalia upande wa pili.

Hakunilaumu hata siku moja. Alirudi kazini, akanisalimia kama kawaida, akaniuliza hali ya nyumbani. Tulikaa katika chumba kimoja cha walimu miaka tisa zaidi na neno gari halikutajwa kati yetu. Amekwisha kufariki.

Nilipokuwa nimestaafu, nilisoma habari za mchumi wa Marekani, George Akerlof, ambaye mwaka 1970 aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yaliikataa kabla haijachapishwa. Mwaka 2001 ilimletea Tuzo ya Nobel, pamoja na wenzake wawili. Kwa ufupi alisema hivi: muuzaji analijua gari, mnunuzi halijui, kwa hiyo mnunuzi hulipa bei ya gari la wasiwasi, kwa bei hiyo mwenye gari zuri haoni faida kuuza, anajitoa, sokoni yanabaki mabovu. Nilisoma nikatikisa kichwa. Mzee wa Msalato angemwelewa bila hesabu. Lakini kuna jambo ambalo Akerlof hakulihitaji katika hesabu zake nami nalihitaji katika yangu, nalo ni kwamba mnunuzi yule aliuliza.

Sasa turudi kwenye umeme. Nilipomwambia mpwa wangu kwamba magari ya umeme si mambo mapya, hakuamini, nikamwonyesha. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme lenye umbo la risasi huko Ufaransa, likapita kilometa 100 kwa saa, na hapakuwa na gari la aina yoyote lililokwisha kufika hapo. Ni baadaye petroli ilipowashinda wenye betri. Naye akanionyesha lake analolipenda: gari la mbio la umeme lililotoka California mwaka 2008, Tesla Roadster, lenye umbo la Lotus ya Kiingereza na betri iliyoungwa kwa vijibetri 6,831 vya namna ile ya kompyuta za mapajani. Yalitengenezwa kama 2,450 tu, hadi mwaka 2012. Lilipokuwa jipya liliuzwa zaidi ya dola laki moja. Moja, lililokuwa la mwenye kampuni mwenyewe, lilirushwa angani kwa roketi tarehe 6 Februari 2018; mpwa wangu alilisema hilo kama habari ya ajabu, mimi nikaona ndilo gari pekee la mkononi ambalo hakuna mnunuzi atakayerudi kulalamika.

Mengine yaliyobaki duniani huuzwa na kununuliwa na matajiri, na nilifurahi kugundua kwamba matajiri hao wanaumwa na kitu kile kile kilichotuuma sisi. Mwaka 2012 zilienea habari za wenye Roadster walioliacha gari muda mrefu bila kulichaji. Betri ikaisha kabisa, ikafa, na haikufufuka tena. Kubadilisha kuligharimu makumi ya maelfu ya dola. Baadaye kampuni ilitoa betri mpya ya magari hayo, nayo kwa dola 29,000. Kwa hiyo anayenunua Roadster la zamani haulizi sana juu ya rangi wala viti. Anauliza liliegeshwa wapi, kwa muda gani, na nani alikumbuka kulichomeka. Hakuna nyundo ya kugonga hapo. Hakuna moshi wa bluu, hakuna oili ya kuchovya kidole. Mashine imenyamaza kabisa, na yote yako kwa mwenyewe.

Gari dogo la kawaida ni afadhali kidogo. Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, lina vijiti 12 kwenye dashibodi vinavyoonyesha betri imebaki na uwezo gani. Betri ikizeeka, kijiti kimoja kimoja huzimika na hakirudi. Betri yake haina maji ya kuipoza, hivyo joto huizeesha upesi. Vijiti hivyo ni kama meno ya ng'ombe. Lakini mpwa wangu mwenyewe aliniambia kwamba ipo njia ya kuifutia kompyuta kumbukumbu, vijiti vyote vikawaka kwa muda. Basi meno nayo yanaweza kubandikwa.

Tulikwenda Kizota wote wawili. Muuzaji alikuwa kijana mstaarabu, akanipa shikamoo na kiti. Gari lilikuwa limeoshwa, limechajiwa, na vijiti vyote 12 vilikuwa vinawaka, jambo ambalo kwa gari la miaka kumi na mbili lilinifanya nivue miwani na kuifuta. Mpwa wangu alizunguka nalo hadi barabara ya Singida na kurudi, akashuka anatabasamu.

Nikamwuliza yule kijana, taratibu: "Betri haina tatizo lolote, baba?"

Akanitazama usoni vizuri. "Mzee wangu, mimi naliendesha kila siku."

Sikumkasirikia. Nilihisi uso wangu unapata moto, nikanyamaza kidogo kabla ya kusema tena. Nikamwambia ni vyema, basi tulichaji lijae, tupande wote watatu twende Chamwino na kurudi, haizidi kilometa sabini, gharama ya umeme ni juu yangu na chakula cha mchana pia.

Kijana alipangusa vumbi ambalo halikuwepo kwenye mlango wa gari. "Chamwino ni mbali, mzee," alisema.